Kamba ya Kisima

Mimi ndiye mhazini, kwa kuwa kalamu yangu haivuji,
na kwa kuwa Famau, mwandika msimbo,
hesabu za pesa za karatasi humshinda.
Ukurasa wa kwanza: viti arubaini vya kukodi, Langoni.
Ukurasa wa pili: mahamri mia na hamsini, mbaazi sufuria mbili,
waya mrefu wa umeme. Kuazima kumeshindikana. Kununua.

Programu yenyewe ni ndogo.
Inakumbuka kadi za chanjo za watoto,
inamtumia mama ujumbe siku mbili kabla
kwa Kiswahili cha jirani, si cha tangazo.
Famau aliiandika usiku, mkewe amelala,
akaiacha wazi: asomaye na asome,
abadilishaye na abadilishe,
ila asiwafungie wenzake alichokikuta wazi.
Sasa zahanati tatu za Malindi zinaitumia,
na moja Lindi, ambako hatumjui mtu.
Hakuna aliyetuma hata senti.
Si ubaya. Hatukuomba.

Nyuma ya nyumba yetu Mkomani kuna kisima cha wakfu.
Maji yake hayauzwi.
Utotoni nilimuuliza mama, na kamba je, inatoka wapi?
Akasema: kwa mtu aliyechoka kuiona imekatika.

Basi tukachoka.
Mwalimu Shekuwe akaandika mwaliko,
tukaubandika kwenye duka la unga na mlango wa kliniki:

*Twawaalika wenzetu, Jumamosi asubuhi,*
*Programu hii ni yetu, mje kwayo mfurahi,*
*Kosa akiona mtu, aliandike sahihi,*
*Kiingilio si kitu, ila moyo na wajihi.*

Famau akasema wajihi umeitwa na kina, haukuja wenyewe.
Shekuwe akamwambia atengeneze makosa ya kwake kwanza.

Tukaenda kwa Mselemu, mwenye hoteli kule Shela.
Juisi ya ukwaju, kiyoyozi, laki mbili mezani.
Sharti moja: iitwe kwa jina lake,
na aitakaye apitie kwake.
"Kitu cha bure hakina heshima," akasema.
Famau akatazama boriti.
Mimi nikapiga hesabu: kodi ya seva miaka miwili,
viti, chai, na kiatu cha Famau kilichofungua mdomo.
Nikasema hapana.
Msinifanye shujaa. Njia nzima ya kurudi
nilijuta mara tatu, mara moja kwa sauti.

Jumamosi wakaja thalathini na mmoja.
Saa nne umeme ukakatika.
Twalibu wa spea akaleta jenereta na domo lake:
"Petroli yangu, lakini moya wenu anipe mahamri!"

Nyuma kabisa alikaa Bi Somoe, karani wa kliniki,
ametoka Faza alfajiri na buibui lina chumvi.
Hakunyosha mkono. Alisimama tu.
"Mtoto aliyezaliwa Februari, tarehe ishirini na tisa,
hapati ujumbe. Ninaye mmoja, jina lake Nana.
Kwenye programu yenu hajazaliwa."

Kimya. Jenereta peke yake ikiongea.

Famau akamvutia kiti. Hakumwandikia;
alimwonyesha mstari ulipo, akaondoa mikono.
Bi Somoe akabonyeza kwa kidole kimoja,
herufi moja, akavuta pumzi, herufi nyingine,
mpaka adhuhuri ikaadhiniwa juu ya vichwa vyetu
na Nana akazaliwa.

Usiku nimefungua daftari.
Mapato: elfu tisa, mia nne na hamsini.
Matumizi: elfu kumi na tisini.
Pengo: mia sita na arubaini, na mwenye viti
anavitaka kabla ya jua kupanda.
Bi Somoe hakutoa pesa. Hata nauli alijilipia.
Nimemweka upande wa mapato, jina tu,
na mbele yake nimeacha nafasi wazi.
Shekuwe ameona, anasema hesabu haiandikwi hivyo.

Najua.
Kesho nitapita tena madukani na daftari hili.
Kamba ni fupi. Ndoo imeshafika majini.